Pima Mara Mbili: Historia ya Kupima Uvimbe Katika Damu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, si kila wingu huleta mvua. Katika insha hii ninaeleza jinsi madaktari walivyotafuta dalili za uvimbe katika damu tangu mwaka 1897. Uvimbe ninaouzungumzia ni mwitikio wa mwili unapopambana na vijidudu au jeraha, hata pale ambapo jicho halioni kitu. Hoja yangu ni kwamba kuipata dalili hakukuwa kazi ngumu sana. Kazi ngumu ilikuwa kujua kama kipimo cha leo kingesema yale yale wiki mbili baadaye.

Kipimo cha mwanzo kilikuwa rahisi. Mwaka 1897 Edmund Biernacki, daktari wa Poland, alieleza kwamba damu iliyozuiwa kuganda ikiachwa katika mrija, chembe nyekundu hutuama chini, na kasi yake hutofautiana kati ya mgonjwa na mzima. Mwaka 1918 Robin Fåhraeus wa Uswidi aliona kwamba damu ya wajawazito hutuama haraka zaidi. Mwaka 1921 Alf Westergren, pia wa Uswidi, alitumia kipimo hicho kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Mrija husimamishwa wima kwa saa 1, kisha huangaliwa chembe zimeshuka milimita ngapi.

Tatizo ni kwamba mrija ukiinama kidogo, chembe hushuka upesi. Chumba kikiwa na joto, hali ni hiyo hiyo. Ujauzito, uzee na upungufu wa damu pia huongeza kasi. Tena, mgonjwa anaweza kupata nafuu leo, lakini kipimo kikakawia wiki kadhaa kabla ya kurudi chini.

Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, waligundua katika damu ya wagonjwa wa nimonia kitu ambacho baadaye kilitambuliwa kuwa protini na kuitwa CRP. Kilionekana wakati wa ugonjwa mkali na kutoweka mgonjwa alipopona. Protini hii hupanda ndani ya saa chache. Chanzo kikiisha, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa hiyo, huonyesha hali ya sasa vizuri kuliko kipimo cha mrija, lakini wepesi huo ndio unaoifanya ibadilike upesi.

Udhaifu huo ulionekana wazi baada ya mwaka 1997, Paul Ridker na wenzake wa Boston walipoonyesha kwamba wanaume wazima wenye CRP ya juu kidogo walikuwa katika hatari zaidi ya kupata shambulio la moyo miaka ya baadaye. Je, namba moja itabirije miaka, ilhali mafua ya juzi yanaweza kuipandisha? Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walishauri mtu apimwe mara mbili, kwa tofauti ya wiki mbili hivi, na wastani utumike. Ikizidi miligramu 10 kwa lita, itafutwe kwanza sababu nyingine, kisha apimwe upya.

Naona ushauri huo unatuhusu sana hapa Uganda. Malaria hupandisha CRP, na upungufu wa damu huongeza kasi ya chembe kutuama. Anayeamuliwa kwa karatasi moja ya maabara anaweza kupewa dawa asizozihitaji, au ugonjwa wake halisi ukapita bila kuonekana. Najua kupima mara ya pili ni gharama na nauli nyingine kwa mgonjwa. Lakini pale ambapo kipimo cha pili hakiwezekani, basi cha kwanza kisomwe pamoja na maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Kwa kumalizia, historia hii inatufundisha kwamba namba ya maabara ni ushahidi wa saa ile damu ilipotolewa. Kama ilivyo kwa shahidi yeyote, ni vyema aulizwe tena kabla ya hukumu kutolewa.