Mkokoto wa Hewa na Namna ya Kuukokotoa

Kiangazi, kwenye barabara ya vumbi ya Kiruruma, Karagwe, lori la Fuso likipita limesheheni mikungu ya ndizi, usihangaike na kichwa chake. Ngoja lipite, utazame bodi ya nyuma. Vumbi linalotimuliwa na matairi halibaki lote barabarani. Jingine linageuka, linalifuata gari na kuligandama mgongoni mpaka namba za usajili hazisomeki.

Inayolirudisha ni hewa. Ikishapasuliwa na kichwa cha gari, hupita ubavuni na juu, lakini ikifika mwisho wa bodi haiwezi kukata kona kali namna ile. Inabanduka na kuacha nyuma ya gari eneo la mgandamizo mdogo, limejaa mizunguko. Mbele mgandamizo mkubwa unalisukuma gari lirudi, nyuma mdogo unalivuta. Kwa lori, hapo ndipo inapotoka sehemu kubwa ya kani ya hewa inayolipinga.

Ndiyo maana silipendi jina “msuguano wa hewa”. Msuguano upo, hewa inapotambaa juu ya bati, ila kwa gari butu kama Fuso ni sehemu ndogo. Anayelisikia jina hilo atadhani dawa ni kulainisha rangi, kumbe dawa ni umbo. “Ukinzani wa hewa” ni afadhali, ingawa neno “ukinzani” mafundi umeme wameshalizoea kwa shughuli zao. Mimi nachagua mkokoto: ni tendo la kukokota, na pia ni alama inayobaki pale kitu kilipokokotwa.

Ukubwa wa mkokoto unategemea mambo manne: wiani wa hewa, mraba wa kasi, eneo la mbele la gari, na namba ya umbo, ambayo kwa gari dogo la kisasa ni karibu 0.3 na kwa lori huwa maradufu au zaidi. Tuseme lori lina eneo la mita 8 za mraba na namba ya umbo 0.8, na wiani wa hewa ni kilo 1 kwa mita ya ujazo. Kwa kilomita 80 kwa saa mkokoto ni kama niutoni 1,580, na injini inatoa kilowati 35 kwa ajili ya hewa tu. Kwa kilomita 40 zinatosha kilowati 4 na kidogo. Basi dereva anayepanda vilima vya Karagwe taratibu hana ugomvi mkubwa na hewa; ugomvi unaanza akishika lami na kukanyaga mafuta. Tena huku juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani sehemu moja ya saba.

Wiani, kasi na eneo hupimika. Namba ya umbo ndiyo ngumu, na hapo unaingia ukokotoaji wa mwendo wa giligili. (Giligili ni chochote kinachotiririka, kimiminika au gesi.) Kompyuta huigawa hewa inayolizunguka gari katika vijichumba mamilioni, vidogo zaidi karibu na bati, kisha katika kila kimoja hutatua milinganyo ya Navier na Stokes, ya karne ya 19. Mizunguko midogo kabisa haiwezi kufuatwa yote, kwa hiyo hukadiriwa kwa kanuni za msukosuko. Makosa mengi huzaliwa humo.

Mwaka 1984, S. R. Ahmed na wenzake walichapisha vipimo vya bonge rahisi lenye umbo la gari, ambalo mgongo wake wa nyuma uliweza kuinamishwa kwa pembe mbalimbali. Kuelekea pembe ya nyuzi 30 mkokoto ulipanda, halafu ukashuka ghafla. Karibu na pembe hiyo kanuni nyingi za msukosuko bado huteleza, na hilo ni bonge lisilo hata na magurudumu yanayozunguka. Sasa fikiria lori la Fuso lenye turubai linalopigapiga na mikungu inayochomoza kila safari kwa mpangilio wake. Mhandisi makini hatakupa namba moja ya lori hilo. Atakokotoa bodi yenye turubai lililokazwa na ile yenye turubai lililolegea, kwa vijichumba na kanuni zilezile, kisha akupe tofauti yake.