Ibada za Wayunani wa Kale na Jina la Mungu

Mwalimu afundishaye Msangano, au popote katika nchi ya Wanyamwanga, akifika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume humkuta Paulo katika Athene, amezungukwa na madhabahu za miungu. Pengine huwaambia wanafunzi kwamba watu wale walisujudia mawe tu, kisha huendelea mbele. Maneno hayo yana hatari. Mzee asikilizaye atakumbuka kwamba baba zake nao walisemwa vivyo hivyo, naye ajua kwamba haikuwa kweli. Basi yafaa tujue ibada ile ilikuwaje.

Wayunani hawakuwa na kitabu kimoja cha imani; ibada yao ilikuwa katika matendo. Mahali patakatifu palikuwa kiwanja kilichotengwa kwa mipaka. Hekalu lilikuwa nyumba ya sanamu, na kwa kawaida madhabahu ilikuwa nje, mbele yake. Watu walikwenda kwa maandamano, wakanawa mikono, wakatupa punje za shayiri, ndipo mnyama akachinjwa. Mifupa ya mapaja, imefunikwa kwa mafuta, iliteketezwa ili moshi upande kwa miungu. Nyama iligawanywa ikaliwa. Divai nayo ilimiminwa. Huko Athene, katika sikukuu ya Athena, walimpelekea mungu huyo wa kike vazi lililofumwa. Huko Dodona walimwuliza Zeus shauri penye mwaloni wake mtakatifu.

Awajuaye Wanyakyusa wa Rungwe hatayaona mambo haya kuwa mageni. Lubaga palikuwa na msitu mtakatifu wa Lwembe, ambapo walitambika kwa ajili ya mvua na rutuba ya nchi, wakachinja ng'ombe na kula nyama yake. Hata hivyo mataifa haya mawili hayakufanana katika yote. Wayunani waliangalia sana unajisi wa nje: mwenye damu mikononi hakuruhusiwa kukaribia. Bibi Monica Wilson, aliyewachunguza Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwamba kwao hasira iliyofichwa moyoni ilipaswa kutamkwa. Mwenye kunyamaza na kinyongo chake aliharibu tambiko. Mwalimu aelezaye habari ya kupatana na ndugu kabla ya kutoa sadaka atapata hapa pa kuanzia.

Sasa tuliangalie jina. Wayahudi walipoanza kuitafsiri Torati kwa Kiyunani, katika karne ya 3 K.K., hawakubuni neno jipya la kumtaja Mungu. Walitwaa neno theos, lile lile walilotumia Wayunani kwa Zeus na wenzake, na Mitume wakalifuata. Huku kwetu, Wamoravian na wamisionari wa Berlin waliofika kwa Wanyakyusa mwaka 1891 walikuja kulitumia jina Kyala. Kwa maelezo ya Bibi Wilson, huyo alikuwa shujaa wa kale, aliyetambikiwa katika pango kando ya Ziwa Nyasa. Na Wanyamwanga husema Leza, jina lijulikanalo pia kwa makabila mengi ya Zambia.

Kaisari Theodosius alizikataza dhabihu za kipagani katika miaka ya 391 na 392. Moshi wa madhabahu ulikoma, lakini neno theos halikufa, kwa kuwa kwa vizazi vingi Wakristo walikuwa wamelijaza maana nyingine kwa mafundisho na kwa maisha yao. Neno lenyewe halikuifanya kazi hiyo. Waalimu ndio walioifanya.

Basi mwalimu asidhani kwamba amekwisha kufundisha kwa kuwa kijiji chote chaitikia jina la Leza. Na awaulize wazee: Leza aliitwa wakati gani, kwa shida gani, na nani aliyethubutu kumwita? Asipouliza, atasema neno moja na wao watasikia jingine, na pande zote mbili zitaondoka zikidhani zimepatana. Paulo mwenyewe aliyatazama kwanza mambo ya ibada ya Waathene, ndipo akanena nao.