Risasi ya 30: Historia Fupi ya Bunduki ya Upepo

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, na makala ya leo imezaliwa na kazi hiyohiyo. Tulikuwa na seva ya kushughulikia malipo. Kila asubuhi tuliangalia wastani wa muda wa kujibu, na kila asubuhi wastani ulikuwa mzuri. Wateja nao walizidi kulalamika. Siku niliyoacha wastani nikachora kila ombi peke yake, niliona aibu. Maombi mengi yalijibiwa chapuchapu, machache yalikaa mpaka mteja akakata tamaa. Wastani ulikuwa umechanganya wote, walioridhika na waliolia, ukatupa namba moja tamu.

Katika kusomasoma kuhusu tatizo hili nikaangukia bunduki ya upepo. Mimi si mlenga shabaha na sina bunduki ya aina yoyote. Lakini mafundi wa chombo hiki wamepambana na swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 200: unafanyaje risasi ya 30 itoke kwa kasi ileile ya risasi ya kwanza?

Tuanze Austria. Karibu mwaka 1780 jeshi la huko lilipokea bunduki iliyobuniwa na fundi mmoja kutoka Tyrol, Bartolomeo Girardoni. Haikutumia baruti. Kitako chake kilikuwa mtungi wa chuma uliojazwa upepo, na pembeni mwa mtutu kulikuwa na mrija wa kubeba risasi zipatazo 20. Askari wa kawaida wa wakati ule alifyatua mara moja, kisha akaanza kumimina baruti na kushindilia. Huyu wa Girardoni alipiga risasi moja baada ya nyingine, bila moshi.

Sasa sikia gharama yake. Kujaza mtungi mmoja kulihitaji kupiga pampu kama mara 1,500. Fikiria pampu ya baiskeli, halafu fikiria mikono yako. Mtungi ukijaa ulitoa risasi 30 hivi zenye nguvu ya maana. Na tangu risasi ya kwanza presha ilikuwa inashuka.

Tufanye hesabu kidogo. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme kila risasi inakula asilimia 1 ya upepo uliobaki, nguvu ya risasi inafuata presha, na risasi ya kwanza inatoka kwa mita 150 kwa sekunde. Baada ya risasi 30 presha imebaki asilimia 74, na kasi imeshuka hadi mita 129. Ukipuuza ukinzani wa hewa, risasi ya kwanza ikifika mita 50 itakuwa imeanguka sentimita 54 au 55. Ile ya baadaye itakuwa imeanguka karibu 74. Tofauti ni sentimita 19! Askari yuleyule, jicho lilelile, shabaha ileile. Aliyelenga kifua amepiga tumbo, na hajui kosa ni lake au ni la mtungi.

Bunduki hizo zilitumika katika vita vya Austria na Waturuki vilivyoanza 1788, lakini kufikia 1815 jeshi lilikuwa limeachana nazo. Pampu zilichosha, mitungi ilivuja, na mafundi wa kuzitengeneza walikuwa haba. Marekani, Meriwether Lewis alibeba bunduki ya upepo katika msafara wake na Clark wa 1803 hadi 1806, na watafiti wengi wanaamini ilikuwa ya Girardoni. Mwanzoni kabisa mwa safari, Agosti 1803, mtu asiyeizoea aliishika ikafyatuka. Risasi ilimkwaruza mama mmoja kichwani, akaponea chupuchupu. Kwa hiyo tusidanganyane, upepo huu si mchezo wa watoto.

Kwa nini Girardoni hakurekebisha ile kasi? Kwanza, huwezi kurekebisha usichokipima. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alikuwa amechapisha njia ya kupima kasi ya risasi. Unaipiga risasi kwenye gogo zito linaloning'inia, unapima gogo limebembea kiasi gani, halafu unapiga hesabu. Ni njia safi, ila kupima risasi 30 mfululizo kwa gogo ni kazi ya siku nzima. Baadaye ilikuja mitambo ya umeme, na siku hizi mtu ana kifaa chenye vihisi viwili vya mwanga. Kivuli cha risasi kinapita cha kwanza, kisha cha pili. Vihisi vikiachana sentimita 30, risasi ya mita 170 kwa sekunde inapita katikati kwa chini ya milisekunde 2. Risasi 30 unazipima kabla chai haijapoa.

Vipimo hivyo vilionyesha jambo la ajabu katika bunduki za kisasa za mtungi, zilizoanza kuuzwa Uingereza miaka ya 1980. Ndani yake nyundo ndogo yenye springi hugonga vali, vali ikafunguka kufumba na kufumbua. Mtungi ukijaa sana, presha huibana vali na nyundo haiwezi kuifungua vya kutosha, kwa hiyo risasi za kwanza huwa za polepole. Presha ikishuka kidogo vali hufunguka zaidi na kasi hupanda. Ikishuka mno, kasi huanguka. Ukichora unapata kilima.

Kilima hicho kina kesi ndani yake. Uingereza, kwa kanuni za 1969, bunduki ya upepo ya bega yenye nguvu inayozidi jouli 16.27 huhitaji cheti cha silaha. Mtu akipima risasi tatu za kwanza baada ya kujaza, anaweza kujiona yuko salama. Risasi ya 15, kileleni, ndiyo itakayomfunga.

Dawa yake unayo jikoni: regulata, ndugu ya ile ya mtungi wa gesi. Upepo wa presha kubwa unapita kwenye kipistoni kinachosukumwa na springi za visahani, aina iliyopewa jina la Mfaransa Julien Belleville aliyezisajili 1867. Unaingia chumba kidogo mbele ya vali. Presha ya chumba ikifika kiwango ulichoweka, kipistoni kinajifunga. Ukifyatua, presha inashuka, kinafunguka, chumba kinajaa tena. Vali haijui kama mtungi mkuu una bar 200 au 150. Wenzangu wa programu mmeshaitambua: hiyo ni bafa.

Kuirekebisha ni kazi ya subira. Unaweka presha ya regulata kwanza, unaiacha. Kisha unaongeza springi ya nyundo kidogo kidogo huku ukipima. Kasi itapanda, halafu itafika mahali ambapo kuongeza springi hakuongezi kitu ila kupoteza upepo. Hapo unarudi nyuma kidogo na kufunga. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na usiangalie wastani peke yake. Bunduki mbili zinaweza kuwa na wastani wa mita 240 kwa sekunde, moja ikicheza kati ya 238 na 242, nyingine kati ya 228 na 252.

Mwishowe iache usiku kucha, kisha upime risasi ya kwanza ya asubuhi. Ikitoka na kasi tofauti na wenzake, huenda regulata inavuja taratibu na presha imepanda kwenye chumba ulipokuwa umelala. Jaribio la dakika kumi mfululizo lisingekuonyesha.

Tangu 1984, Los Angeles, bunduki ya upepo ya mita 10 imo katika Olimpiki, na duara la alama 10 lina kipenyo cha nusu milimita. Bunduki za mashindano hayo siku hizi zina regulata ndani.

Nasi kwenye ile seva tulifanya vivyo hivyo. Tuliweka foleni ndogo kati ya maombi na hifadhidata, na ile namba ya wastani tukaitoa ukutani. Sasa tunaangalia ombi lililochelewa kuliko yote. Mwezi wa kwanza wastani wetu ulikuwa mbaya zaidi kidogo, na bosi aliuliza. Nilimwonyesha simu za malalamiko zilivyopungua, akanyamaza.

Haya, nawe kazini kwako mnaangalia namba gani kila asubuhi? Niandikie hapo chini. Tukutane makala ijayo.