Jina la Matani: Habari ya Héritier Lumumba

  

Habari ya leo inatoka mbali, Australia, lakini mwenyewe ni wetu nusu. Anaitwa Héritier Lumumba. Hapa Uvira ukiita Héritier njiani watageuka vijana watatu, na hilo la pili kila Mkongomani analijua tangu 1960.

Alizaliwa Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 1986. Mama yake ni Mbrazili, baba yake ni mwenye asili ya Kongo. Angali mtoto mdogo alipelekwa Australia, akakulia mji wa Perth, akaitwa Harry O'Brien kwa jina la baba wa kambo.

Mpira wa kule si huu ambao watoto wetu wanacheza Kavimvira na Kalundu. Balo yao ina umbo la yai, wachezaji ni 18 kila upande, na hakuna golkipa. Balo inapigwa kwa mguu au kwa ngumi. Ukiipitisha kwa mguu katikati ya miti miwili mirefu unapata pointi 6.

Kijana huyu alianza kuchezea klabu ya Collingwood, mji wa Melbourne, mwaka 2005. Alikuwa beki. Mwaka 2010 walifika fainali, tarehe 25 Septemba, wakatoka sare na St Kilda, 68 kwa 68. Kwa sheria ya siku zile mchezo ulirudiwa juma lililofuata, na Collingwood wakashinda 108 kwa 52. Mwaka uleule alichaguliwa katika ekipe ya wachezaji bora wa nchi nzima.

Lakini ndani ya ekipe hiyohiyo wenzake walikuwa wakimwita Sokwe.

Tukae hapo kidogo. Mtu anayetaniwa mbele ya kundi mara nyingi hucheka pamoja nao, maana akikasirika ataambiwa hajui mchezo. Anayetania anaona kicheko, anafikiri mambo ni sawa. Na sisi wa kando ya ziwa tusijifanye wageni wa jambo hili: nani hapa hajasikia jirani akiitwa nyoka? Wazee wanakumbuka redio RTLM ya Rwanda, 1993 na 1994, ilivyowaita watu inyenzi, yaani mende. Sisemi kila matani yanafika kule. Ninasema wale waliofika kule walianza kwa kumwondolea mtu jina lake.

Tarehe 24 Mei 2013, Collingwood walicheza na ekipe ya Adam Goodes, mchezaji mashuhuri wa wenyeji wa asili wa Australia. Binti wa miaka 13 katika mashabiki wa Collingwood akamwita nyani. Goodes aliumia sana, lakini kesho yake aliomba watu wasimshambulie mtoto yule. Eddie McGuire, prezida wa Collingwood, alikwenda usiku uleule kumwomba radhi. Alifanya vema. Lakini siku tano baadaye, McGuire huyohuyo, akiongea katika redio, alifanya mzaha wa kumfananisha Goodes na King Kong, sokwe wa sinema. Akaomba radhi tena.

Mashefu, nadhani mnaona ugumu wake. Mkubwa akishasema, wadogo wanangoja kuona nani atathubutu kumjibu. Aliyejibu hadharani alikuwa beki wake mwenyewe. Mwisho wa mwaka ule akatangaza kwamba aitwe Héritier Lumumba. Kwa maelezo yake, tangu alipomkosoa prezida alitengwa ndani ya klabu. Mwaka 2014 aliondoka, akachezea klabu ya Melbourne, na mwaka 2016 akaacha mpira kwa sababu ya kuumia kichwa mara kwa mara. Alikuwa amecheza michezo 223.

Mwaka 2017, katika filamu juu ya maisha yake, alieleza wazi habari ya jina lile. Wapo waliotia shaka. Kisha wachezaji wenzake wa zamani walisema kwamba nao walilisikia. Mwaka 2020 klabu ikaomba uchunguzi, na raporo ikajulikana kwa watu tarehe 1 Februari 2021. Ilisema ubaguzi ulikuwa umeota mizizi katika klabu, na kwamba waliolalamika ndio waliozidi kuumizwa. Ilitoa mashauri 18.

McGuire aliwaita waandishi wa habari, akasema ni siku ya kihistoria na ya kujivunia. Watu walishangaa: raporo inaeleza vidonda, mkubwa anasema anajivunia! Tarehe 9 Februari alijiuzulu, baada ya kuongoza klabu tangu 1998.

Katika siku hizohizo wachezaji wa Collingwood, wanaume kwa wanawake, waliandika barua ya wazi ya kuomba radhi kwa kila aliyebaguliwa chini ya jina la klabu yao. Wengi wao hawakuwamo katika ekipe wakati Lumumba alipokuwa akiitwa Sokwe.