Mwanzo wa Ligi ya Soka ya Uingereza

Ligi ya Soka ya Uingereza ni ligi ya kwanza ya mpira wa miguu ya wachezaji wa kulipwa duniani. Ilianzishwa mwaka 1888, wakati wa utawala wa Malkia Viktoria, ikiwa na klabu 12.

Chanzo

Chama cha Soka (FA) kiliundwa London mwaka 1863, na Kombe la FA lilianza msimu wa 1871/72. Katika miji ya viwanda, wafanyakazi walipumzika Jumamosi mchana na wengi walilipa kiingilio kutazama mpira. Klabu za huko zilianza kuwalipa wachezaji kwa siri. Mwaka 1884 Preston North End iliondolewa kwenye Kombe la FA kwa sababu hiyo. Mwaka 1885 FA iliruhusu malipo.

Ruhusa hiyo ilileta tatizo jipya. Mishahara ilipaswa kulipwa kila wiki, lakini mapato hayakuwa ya uhakika. Klabu iliyotolewa mapema kwenye kombe ilibaki na mechi za kirafiki tu, na mara nyingi mechi hizo ziliahirishwa au kufutwa.

Kuanzishwa

William McGregor, Mskoti aliyekuwa na duka la vitambaa mjini Birmingham na kiongozi wa Aston Villa, aliziandikia klabu kadhaa barua tarehe 2 Machi 1888. Alipendekeza klabu zicheze kwa ratiba maalumu, kila moja ikikutana na nyingine nyumbani na ugenini. Baada ya kikao cha London tarehe 23 Machi, ligi iliundwa rasmi mjini Manchester tarehe 17 Aprili.

Klabu sita zilitoka Lancashire: Accrington, Blackburn Rovers, Bolton Wanderers, Burnley, Everton na Preston North End. Sita zilitoka maeneo ya kati ya Uingereza: Aston Villa, Derby County, Notts County, Stoke, West Bromwich Albion na Wolverhampton Wanderers. Hakukuwa na klabu ya kusini, ambako soka ya ridhaa ilikuwa bado na nguvu.

Msimu wa kwanza

Mechi za kwanza zilichezwa tarehe 8 Septemba 1888. Namna ya kuhesabu pointi iliamuliwa Novemba, msimu ukiwa unaendelea: ushindi pointi 2, sare pointi 1. Preston ilitwaa ubingwa bila kufungwa mechi hata moja kati ya 22. Ilishinda 18 na kutoka sare 4. Ilipata pointi 40, na Aston Villa iliyoshika nafasi ya pili ilikuwa na 29. Preston ilichukua pia Kombe la FA kwa kuifunga Wolverhampton Wanderers 3–0.

Kupanda na kushuka daraja

Mwanzoni klabu nne za mwisho zililazimika kuomba kura za wenzao ili zibaki. Stoke ilikosa kura mwaka 1890 na nafasi yake ikachukuliwa na Sunderland. Daraja la Pili liliundwa mwaka 1892, na mechi maalumu za mchujo ziliamua nani apande na nani ashuke. Mwaka 1893 Woolwich Arsenal ilijiunga na daraja hilo, ikiwa klabu ya kwanza ya kusini.

Mechi za mchujo zilikoma baada ya mwaka 1898. Katika mechi ya mwisho Stoke na Burnley zote zilihitaji sare tu, na zikatoka 0–0 bila kujitahidi kufunga. Tangu hapo nafasi kwenye msimamo ndiyo iliyoamua.

Ligi haikuziokoa klabu zote. Accrington ilishushwa daraja mwaka 1893, ikajitoa, na ikavunjika mwaka 1896. Accrington Stanley ya leo ni klabu nyingine.

Utaratibu wa nyumbani na ugenini umeenea duniani, na ndio unaotumika pia katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara na Ligi Kuu ya Kenya.