Menyu Iliyotoka Korea: Safari ya OpenDingux

Mwishoni mwa mwaka 2019 kampuni ya Anbernic ya China ilianza kuuza kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu kiitwacho RG350. Kilikuwa na skrini ya inchi 3.5 na vijiti viwili vya kuelekezea, na kilitosha mfukoni. Aliyekinunua na kukiwasha alikutana na menyu yenye asili ya GMenu2X, programu iliyoandikwa zaidi ya miaka kumi nyuma kwa ajili ya kifaa cha kampuni nyingine kabisa, huko Korea Kusini. Chini ya menyu hiyo ilikuwepo Linux, kaneli (kiini cha mfumo endeshi) ya toleo la 3.12, lililotoka mwaka 2013. Anbernic haikuwa imebuni menyu wala kaneli. Vyote viwili vilifika mikononi mwake kupitia watu waliokuwa wakiandika msimbo usiku, baada ya kazi zao za mchana, bila kulipwa.

Ili kuelewa ilikuwaje inabidi turudi Novemba 2001, kampuni ndogo ya Korea Kusini, Game Park, ilipotoa kifaa cha GP32. Soko la gemu za mkononi lilikuwa la Nintendo, na ili kuandika gemu ya Nintendo ulihitaji mkataba, vifaa maalumu na fedha. Game Park haikuwa na ubavu wa kushindana kwa njia hiyo. Iliwaachia watumiaji waandike programu zao wenyewe na kuzipakia kwenye kadi ya kumbukumbu. Gemu rasmi zilikuwa chache, lakini wapenzi wa kompyuta wa Ulaya walikipenda kifaa hicho kuliko hata Wakorea wenyewe.

Kampuni ikagawanyika. Tawi lililojitenga, Gamepark Holdings, likatoa GP2X mwezi Novemba 2005, na safari hii ndani yake mlikuwa na Linux. Kilitumia betri mbili za kawaida, zile za AA, na kilizila kwa kasi ya kutisha. Fimuwea ya kiwandani ilikuwa na kasoro nyingi, na kampuni ilichelewa kutoa msimbo wa Linux iliyokuwa imeibadilisha, jambo ambalo GPL, leseni ya Linux, inalidai. Watumiaji hawakusubiri. Walitengeneza kaneli zao na emyuleta zao, yaani programu zinazoigiza mashine za zamani. GMenu2X nayo ilizaliwa hapo, ichukue nafasi ya menyu ya kiwandani ambayo wengi hawakuipenda.

Hapa nieleze kidogo fimuwea ni nini. Kila kifaa cha aina hii kina tabaka la programu linaloamka kabla ya vingine vyote. Ndilo linaloiambia chipu kumbukumbu iko wapi, linalowasha skrini, linalosoma vitufe, na mwisho ndilo linaloita gemu. Mafundi wetu wa simu hulifahamu vizuri, maana ndilo wanalobadilisha wanapoflashi simu. Mwenye kulimiliki tabaka hilo ndiye anayeamua kifaa kitafanya nini na kitaishi muda gani.

Mwaka 2009 kikaja kifaa cha bei nafuu zaidi, Dingoo A320, kutoka China. Skrini yake ilikuwa ya inchi 2.8, kumbukumbu yake megabaiti 32 tu, na kilikuwa hata na redio ya FM. Hiki hakikutoka na Linux. Kiliendeshwa na µC/OS-II, mfumo mdogo wa aina inayotumika kwenye mitambo ya viwandani, na mtengenezaji hakutoa msimbo wake. Hakuna aliyealikwa kufanya lolote.

Lakini chipu yake ilikuwa na siri mbili. Kwanza, ilikuwa na chapa ya Ingenic JZ4732, ila waliochunguza waligundua kuwa ilifanya kazi sawasawa na JZ4740, chipu ambayo Ingenic wenyewe walikuwa wamekwisha kuitolea viraka vya Linux. Pili, ndani ya chipu hiyo kulikuwa na kipande cha msimbo kilichochorwa kiwandani, kisichofutika, ambacho kiliiwezesha kupokea programu kupitia waya wa USB hata kama kila kitu kingine kimeharibika. Ulishikilia kitufe cha B, ukabonyeza kile cha kuanzisha upya, na kifaa kilichoonekana kufa kikaanza kuongea na kompyuta.

Siri hii ya pili naiona kuwa muhimu kuliko hata ile ya kwanza. Watu hawaogopi kujaribu pale ambapo kosa lina dawa. Kwenye simu nyingi za leo kosa moja la kuflashi linaweza kukuachia kipande cha plastiki, na ndiyo maana wanaothubutu ni wachache. Dingoo ilivumilia makosa, na katika kipindi kile cha mwanzo makosa yalikuwa mengi.

Mei 2009 mtu aliyejiita Booboo aliiweka hadharani kaneli ya Linux kwa ajili ya A320. Mradi ukapewa jina la Dingux. Baadaye kikatengenezwa kisakinishi kilichoacha mfumo wa kiwandani mahali pake: ukiwasha kawaida unapata mfumo wa Kichina, ukiwasha huku umeshikilia SELECT unapata Linux. Emyuleta zilizoandikwa kwa ajili ya GP2X zikaanza kuhamishiwa huko, na GMenu2X ikaja nazo. Uhamisho haukuwa mwepesi, kwa sababu GP2X ilitumia chipu za ARM na Dingoo chipu ya MIPS, na sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya chipu yenyewe ilibidi ziandikwe upya.

Kisha likaja tatizo la skrini. Watu walinunua Dingoo mpya, wakasakinisha Dingux, wakaona weupe mtupu. Kwa nje kifaa kilikuwa kilekile, boksi lilelile. Ndani, kiwanda kilikuwa kimebadilisha paneli ya skrini, na paneli mpya ilikuwa na kidhibiti kingine. Mfumo wa kiwandani ulijua habari hiyo, Dingux haikujua. Viwanda vidogo hufanya hivi kila siku: sehemu fulani ikiadimika sokoni au bei yake ikipanda, hununuliwa nyingine, na mteja haambiwi. Kwa kampuni ni jambo la kawaida. Kwa watu wa kujitolea waliotawanyika nchi mbalimbali, maana yake ilikuwa kumtafuta mtu mwenye kifaa chenye paneli mpya, asome namba za utambulisho za kidhibiti chake, kisha kiendeshi kiandikwe na kijaribiwe na watu ambao waandishi hawakuwahi kuonana nao. Hilo lilitokea zaidi ya mara moja.

Wakati huohuo mradi mwingine, Qi Hardware, ulikuwa ukitengeneza kompyuta ndogo iitwayo Ben NanoNote kwa kutumia chipu ya ukoo uleule wa Ingenic. Mwandishi wa msimbo Lars-Peter Clausen alisafisha msimbo wa chipu hizo hadi ukakubaliwa ndani ya kaneli rasmi ya Linux, toleo la 2.6.36, mwaka 2010. NanoNote haikupata wanunuzi wengi. Msimbo wake, hata hivyo, ulikuwa sasa mahali ambapo maelfu ya wahandisi wa dunia huulinda usivunjike. Waliokuwa wakihangaika na Dingoo waliona faida hiyo, wakajenga mfumo mpya juu ya msingi huo badala ya viraka vya zamani. Wakauita OpenDingux.

Januari 2013 mradi wa kifaa kingine cha mkononi, GCW Zero, uliomba michango kwa umma kupitia Kickstarter, ukapata zaidi ya dola 200,000. Safari hii fimuwea haikuja kwa kuvunja mlango. OpenDingux ndiyo ilikuwa mfumo wa kifaa tangu mwanzo, na chipu ya JZ4770 pamoja na megabaiti 512 za kumbukumbu viliipa nafasi ambayo A320 haikuwahi kuwa nayo. Gemu ilifungwa katika faili moja tu, OPK, bila kuhitaji kusakinishwa. Hata hivyo vifaa vilichelewa kuwafikia waliochangia, na tundu la HDMI lililotangazwa lilibaki bila programu ya kulifanya lifanye kazi. Sasisho rasmi la mwisho lilitoka Agosti 2014. Baada ya hapo, kimya.

Kwa miaka mitano mtu angeweza kusema mambo yamekwisha. Ndipo viwanda vya Shenzhen vilipogundua kwamba chipu ya JZ4770 ilikuwa rahisi kupatikana, na kwamba mfumo kamili wa kuiendesha, wenye emyuleta na menyu, tayari upo na ni bure. RG350 ikazaliwa, na nyingine za aina yake zikafuata. Wauzaji wengi walijaza kadi za kumbukumbu nakala za gemu za Nintendo na Sega wasizo na haki nazo, biashara ambayo OpenDingux haikuihitaji na haikuifanya. Kilichowanufaisha zaidi waandishi wa zamani ni kwamba maelfu ya watu wapya sasa walikuwa na vifaa vya kujaribia kazi yao. Mwaka 2020 Paul Cercueil na wenzake walikuwa wakijenga OpenDingux mpya juu ya kaneli za mfululizo wa 5, wakiziacha zile za 3.12. Jina la Cercueil limo kwenye orodha ya wasimamizi wa Linux kama mwangalizi wa chipu za Ingenic, na faili inayoeleza vifaa vya ndani vya GCW Zero imo kwenye kaneli rasmi.

Msomaji unayefikiria kununua kifaa cha aina hii, muuzaji atakutajia gemu alizokiwekea, na mara nyingi atataja maelfu. Wewe muulize kama msimbo wa kaneli yake umetolewa. Kama haujatolewa, umri wa kifaa hicho utaamuliwa na kampuni iliyokitengeneza.