Ofisi inapofuta nywila kwa wafanyakazi wote

Kuingia bila nywila ni kufungua akaunti ya kazini kwa simu yako: unagusa kwa kidole, au unaweka namba ya kufungulia simu, basi. Simu ndiyo inayotunza ufunguo wa siri, na alama ya kidole haitoki humo. Hapo ni tofauti na usajili wa laini ulioanza Mei 1, 2019, ambapo vidole vyetu vililinganishwa na kumbukumbu za NIDA. Faida kubwa: tapeli akikupigia, huna nywila ya kumtajia. (Namba ya siri ya pesa za simu bado ipo, usimpe mtu!)

Ugumu huja inapokuwa lazima kwa wote. Usajili ule wa laini ulikuwa uishe Desemba 31, 2019, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Nasi wa bonde la Kilombero tunajua jembe linavyochakaza vidole hadi mashine isivisome. Kwa hiyo kabla ya kuzima nywila, ofisi impe kila mtu njia ya pili, mfano ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta, na itangaze nani anarudisha akaunti. Simu ikiibwa sokoni Ifakara, mpigie huyo mara moja.